Flashi ya Nje kwa Bei Nafuu: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Ile Itakayoelewana na Kamera Yako

Karibu kila mpiga picha hufikia siku anapotambua kwamba kijitaa kilichojengewa ndani ya kamera hakimtoshi. Nyuso hutoka zimepauka, macho huwa mekundu, na kivuli cheusi hubandikwa ukutani nyuma ya kichwa cha mtu. Anapoanza kutafuta flashi ya nje hushtushwa kwanza na bei ya ile iliyotengenezwa na kampuni ya kamera yake, kisha hupigwa na butwaa mbele ya flashi chungu nzima za kampuni nyingine, ambazo bei yake mara nyingi haifiki nusu ya ile ya kwanza na ambazo, kwa macho ya mgeni, zote zinafanana. (Neno flashi hapa halihusiani na kile kijiti cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta, ingawa mtu akiandika neno hilo peke yake kwenye intaneti ataletewa vijiti vingi kuliko taa.)

Mwongozo huu unafuata wazo moja, nalo ni kwamba flashi mbili za bei nafuu zenye ukubwa mmoja hutofautiana kidogo sana katika ukali wa mwanga, lakini hutofautiana mno katika namna zinavyowasiliana na kamera na kuwasiliana zenyewe kwa zenyewe. Mtu anayenunua kwa kulinganisha nguvu pekee huishia na taa kali isiyosikia amri. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza haianzii dukani. Inaanzia kwenye kamera uliyo nayo.

Hatua ya kwanza: Ichunguze soketi iliyo juu ya kamera

Tazama mahali flashi inapochomekwa, juu ya kamera. Katika kamera nyingi utaona reli mbili za chuma pembeni na, katikati, kitone kikubwa cha chuma. Kitone hicho ndicho kinachotoa amri ya kuwaka, na umbo lake linafuata kiwango cha kimataifa, hivyo flashi yoyote yenye mguu wa kawaida itawaka ikichomekwa hapo hata kama ni ya chapa tofauti. Vitone vidogo vinavyokizunguka ni vya lugha ya siri ya kila kampuni: kwa njia hiyo kamera huiambia flashi itoe mwanga kiasi gani, lenzi imevutwa wapi, na shata (pazia linaloruhusu mwanga uingie) inafunguka kwa kasi gani. Canon, Nikon, Fujifilm, Pentax na Sony kila moja ina lugha yake, ilhali Olympus na Panasonic huelewana.

Yapo mambo matatu yanayowanasa watu hapa. La kwanza ni kwamba baadhi ya kamera za Canon za daraja la chini, kwa mfano EOS 250D na EOS 4000D, ziliuzwa bila kile kitone cha katikati, na kwa hiyo flashi rahisi zinazotegemea kitone hicho pekee hazitawaka kabisa juu yake. Mwenye kamera ya namna hiyo anahitaji flashi au triga (kifaa cha kuiwashia flashi kwa mbali) ambayo mtengenezaji wake ametaja waziwazi kwamba inafanya kazi na kamera hizo. La pili linawahusu wenye Sony: tangu mwaka 2012 kampuni hiyo imekuwa ikitumia soketi yenye safu ya pini nyembamba upande wa mbele, wakati kamera za kabla ya hapo zilitumia umbo lililorithiwa kutoka Minolta, ambalo halipokei mguu wa kawaida bila adapta. Pini hizo nyembamba hupinda kwa urahisi, kwa hiyo flashi ya Sony huingizwa taratibu na kwa unyoofu. La tatu ni jambo la usalama. Flashi za zamani, hasa za miaka ya 1970, ziliweza kupitisha zaidi ya volti 200 kwenye kitone cha katikati, umeme ambao kamera nyingi za kidijitali hazikujengwa kuuhimili. Ukirithi flashi ya namna hiyo, iwashe, subiri taa ya utayari, kisha pima kwa multimita (kipima umeme) kati ya kitone cha katikati na chuma cha pembeni ya mguu. Usiichomeke kwenye kamera kabla ya kuujua usomaji huo na kuulinganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha kamera.

Hatua ya pili: Amua kama kweli unahitaji TTL

TTL ni utaratibu ambao kamera huifanya flashi itoe mweko mdogo wa majaribio kabla tu ya picha, ikapima mwanga unaorudi kupitia kwenye lenzi, kisha ikaiamuru itoe kiasi kinachofaa. Yote hayo hutokea kwa kasi ambayo macho huona mweko mmoja tu. Flashi isiyo na TTL haipokei maagizo hayo. Wewe mwenyewe unaipangia nguvu, kuanzia nguvu kamili hadi sehemu ya 1/64 au 1/128, ukipanda na kushuka kwa vitufe.

Swali la kujiuliza ni moja: je, umbali kati ya flashi na mtu unayempiga picha utakuwa unabadilika kila sekunde? Anayepiga picha za harusi, akimfuata bibi harusi kutoka mlangoni hadi mbele ya wageni huku flashi ikiwa juu ya kamera, hana muda wa kuhesabu, na kwake TTL inastahili pesa ya ziada. Anayepiga bidhaa mezani, au picha za watu waliokaa mahali pamoja na flashi ikiwa kwenye stendi, hafaidiki sana na TTL. Kinyume chake, TTL inaweza kumsumbua, kwa sababu mtu akibadilisha shati jeupe kwa jeusi kamera huhesabu upya na picha mbili za mfululizo hutoka na mwanga usiolingana. Flashi unayoipanga mwenyewe hutoa mwanga uleule mpaka uubadilishe.

Maoni yangu, na najua wapo wasiokubaliana nami, ni kwamba anayejifunza afadhali aanze na flashi isiyo na TTL. Baada ya siku chache za kupanga nguvu kwa mkono, uhusiano wa umbali, tundu la lenzi na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hukaa kichwani, na hata akinunua ya TTL baadaye atajua kwa nini imekosea inapokosea. Flashi kama Godox TT600 na Yongnuo YN560 IV ziko katika kundi hili, na zote mbili zina redio ndani yake, jambo tutakalolirudia.

Ukiamua kuchukua ya TTL, herufi inayofuata jina lake ni muhimu kuliko jina lenyewe. Godox, kwa mfano, huweka C kwa Canon, N kwa Nikon, S kwa Sony, F kwa Fujifilm, na O kwa Olympus na Panasonic. Niliwahi kupokea flashi yenye herufi ya kamera nisiyokuwa nayo kwa sababu tu sikusoma mstari wa mwisho wa tangazo. Iliwaka vizuri kabisa, kwa nguvu ileile kila mara, wala haikusikia neno lolote kutoka kwa kamera yangu.

Hatua ya tatu: Soma namba elekezi kwa jicho la mnunuzi

Nguvu ya flashi hutangazwa kwa namba elekezi, inayoandikwa GN kwenye boksi. Namba hiyo ni zao la umbali, kwa mita, na namba ya tundu la lenzi, ISO ikiwa 100. Flashi yenye GN 60 humwangaza vizuri mtu aliye umbali wa mita 7.5 ukiwa umefungua lenzi kwa f/8, kwa sababu 60 ukigawanya kwa 8 unapata 7.5.

Hadi hapo hesabu ni rahisi, lakini namba hiyo ina mtego. Kichwa cha flashi kina lenzi inayosogea mbele na nyuma ili kuukusanya mwanga au kuutandaza, na mtengenezaji hupima GN pale mwanga ulipokusanywa zaidi. Godox TT600 hutangazwa kuwa na GN 60 kichwa kikiwa kimevutwa hadi milimita 200. Yongnuo YN560 IV hutangazwa kuwa na GN 58 kikiwa kwenye milimita 105. Ukiziweka namba hizo bega kwa bega bila kuangalia milimita, utadhani ya kwanza ina nguvu zaidi, wakati kipimo chenyewe hakilingani. Kichwa kikirudishwa milimita 35, ambako watu wengi hupigia picha za ndani, namba ya flashi za ukubwa huu kwa kawaida hushuka chini ya 40. Linganisha flashi mbili kwa milimita zilezile tu, na jedwali la namba hizo huwa kwenye kitabu cha maelezo ambacho watengenezaji wengi hukiweka kwenye tovuti zao.

Sasa tuitumie namba hiyo kwa kazi halisi, kwa kuwa hapa ndipo mtu anapojua kama flashi ndogo itamtosha. Chukua flashi kubwa yenye GN 36 kwenye milimita 35. Ukipandisha ISO mara nne, namba elekezi huongezeka mara mbili. Kwa ISO 400, basi, tunapata 72. Tuseme unaudundisha mwanga kwenye dari nyeupe. Dari humeza sehemu ya mwanga na kuutawanya uliobaki, na kadirio la kupoteza stopu mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu) ni la busara, nalo linaipunguza namba elekezi kwa nusu: 36. Ukiwa na lenzi kwenye f/4, mwanga unaweza kusafiri mita 9 kwa jumla, kutoka kwenye flashi hadi darini na kutoka darini hadi usoni. Katika chumba cha kawaida safari hiyo ni ya mita nne au tano, kwa hiyo flashi inafanya kazi kwa sehemu ya nguvu zake na inajichaji upesi. Rudia hesabu hiyohiyo kwa flashi ndogo yenye GN 20 kwenye milimita 35. Kwa ISO 400 inakuwa 40, baada ya dari 20, na kwa f/4 safari ni ya mita 5. Inafika, lakini kwa kukamua nguvu yote kila picha, na hapo ndipo betri huisha na kusubiri huanza. Flashi ndogo, kama Godox TT350, ni nyepesi na hukaa vizuri juu ya kamera ndogo isiyo na kioo (mirrorless). Mnunuzi wake ajue tu kwamba wepesi huo umelipiwa kwa nguvu.

Hatua ya nne: Je, utapiga picha juani ukiwa umefungua lenzi sana?

Kila kamera yenye shata ya kawaida ina kasi ambayo juu yake mapazia ya shata hayaachi picha nzima wazi kwa wakati mmoja. Kasi hiyo mara nyingi ni 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ukiipita, mweko mmoja wa flashi huacha mkanda mweusi kwenye picha. HSS, ambayo Nikon huiita Auto FP, hukwepa tatizo hilo kwa kuifanya flashi iwake mfululizo kwa mipigo midogo ya haraka sana muda wote mapazia yanapopita.

Anayehitaji HSS ni yule anayetaka mandhari ya nyuma iyeyuke mchana kweupe. Juani, kwa ISO 100 na shata 1/200, lenzi inapaswa kuwa karibu f/11, akitaka f/2.8 shata itapanda hadi karibu 1/3200, ambako flashi ya kawaida haifiki. HSS humfikisha, ila kwa gharama kubwa ya mwanga: flashi hupoteza takriban stopu mbili pale tu inapoingia katika hali hiyo, na huendelea kupoteza kadiri shata inavyokwenda kasi. Njia ya bei ndogo ni kichujio cheusi cha lenzi cha stopu nne, kinachokuruhusu kubaki 1/200 na kufungua lenzi kutoka f/11 hadi f/2.8. Kama hupigi picha za namna hiyo, usilipie HSS.

Ukilinganisha maelezo ya flashi, angalia pia kama HSS inapatikana ikiwa flashi iko juu ya kamera au kwa redio peke yake. TT600 niliyoitaja haina HSS inapokaa kwenye kamera. Huipata inapoamriwa na triga ya redio ya mfumo wake. Maneno hayo huandikwa kwa herufi ndogo, na wauzaji wengi hawayarudii.

Hatua ya tano: Kichwa na umbo

Hapa hatuna haja ya kukaa. Kichwa lazima kiiname juu na kizunguke pande zote mbili, ikiwezekana hadi nyuma kabisa. Flashi ambayo kichwa chake hakizunguki itakunyima kudundisha mwanga ukiwa umeisimamisha kamera kwa wima, na hiyo ni nusu ya kazi za picha za watu. Kijikaratasi cheupe kinachovutwa juu ya kichwa na kile kiplastiki cha kutandaza mwanga ni vitu vya kawaida siku hizi. Kichwa cha duara hutoa mwanga wenye kingo laini kidogo kuliko cha mstatili, lakini ukishaudundisha ukutani au ukaupitisha kwenye mwavuli hakuna atakayeiona tofauti hiyo pichani. Kioo cha kugusa kwa kidole sikipendi hata kidogo kwenye flashi, kwa sababu mikono yenye jasho haielewani nacho.

Mwenye kamera isiyo na kioo ajue jambo moja zaidi. Ile taa nyekundu iliyo mbele ya flashi, inayochora mistari gizani ili kamera ipate fokasi, ilibuniwa kwa ajili ya kamera za DSLR, yaani zile zenye kioo ndani, na kamera nyingi zisizo na kioo haziitumii. Usiihesabu kama sababu ya kulipa zaidi.

Hatua ya sita: Chagua mfumo wa redio kabla ya kuchagua flashi

Kama ungeniruhusu kuikazia hatua moja tu, ningeikazia hii. Siku utakapoitoa flashi juu ya kamera na kuisimamisha pembeni ya mtu, picha zako zitabadilika kuliko zilivyowahi kubadilishwa na lenzi yoyote, na siku hiyo utahitaji njia ya kuiwasha kwa mbali. Flashi ya kwanza unayonunua ndiyo itakayoamua triga utakayonunua, flashi ya pili, na pengine hata taa kubwa ya studio ya miaka ijayo.

Njia ya zamani ni jicho la mwanga: flashi ya mbali huwaka inapoiona nyingine ikiwaka. Hali ya S1 hufuata mweko wa kwanza, na hali ya S2 huupuuza ule mweko mdogo wa majaribio wa TTL ili isiwake mapema. Ndani ya chumba njia hii hufanya kazi, na haikugharimu kitu kama kamera ina kijitaa chake. Nje juani jicho hupofuka, na kwenye sherehe kila mgeni mwenye flashi atakuwashia ya kwako.

Redio ya gigahezi 2.4 haina matatizo hayo. Tatizo lake ni kwamba kila kampuni ina lahaja yake. Mfumo wa X wa Godox hauzungumzi na redio za Yongnuo. Hata ndani ya Yongnuo mwenyewe, redio ya mfululizo wa YN560 na ile ya mfululizo wa YN622 hazielewani, na watu wengi wamelijua hilo baada ya kulipa. Kwa upande mwingine, flashi zilezile za Godox huuzwa kwa majina mengine katika baadhi ya nchi, kwa mfano Flashpoint nchini Marekani na Pixapro nchini Uingereza, na hizo huelewana na mfumo wa X kwa sababu ni kitu kimoja chini ya nembo tofauti.

Hivyo, kabla ya kulipia flashi, fungua orodha ya vifaa vya kampuni hiyo na ujibu maswali haya kwa maandishi. Ipo triga ya kamera yangu? Flashi ina kipokezi ndani yake, au nitalazimika kuning'iniza kisanduku kingine chini yake? Triga hiyo inaweza kubadilisha nguvu ya flashi nikiwa nimesimama kwenye kamera, au inaiwasha tu na kuniacha nitembee hadi kwenye stendi kila ninapotaka kupunguza mwanga? Zipo taa kubwa zaidi katika mfumo huohuo? Flashi ya bei ya chini kabisa isiyo na redio ndani huonekana nafuu mpaka ulipie vipokezi.

Katika mfumo wa X ipo faida ambayo wanunuzi wengi huikosa: ni triga peke yake inayopaswa kuwa na herufi ya kamera yako. Flashi inayopokea amri kwa redio inaweza kuwa ya herufi nyingine na bado ikatii TTL na HSS, mradi yenyewe ina uwezo huo. Anayehama kutoka Nikon kwenda Sony anabadilisha triga, na flashi zake anabaki nazo kwa matumizi ya mbali.

Hatua ya saba: Betri, mahali ambapo akiba hupotea

Flashi nyingi nafuu hutumia betri nne za AA. Betri za kawaida za alkali huandikwa volti 1.5 na zile za kuchaji za NiMH huandikwa 1.2, na mtu anaweza kudhani kwamba zenye volti nyingi zitafanya kazi vizuri zaidi. Mambo huenda kinyume. Flashi hunyonya mkondo mkubwa wa umeme kwa mkupuo ili kuijaza kapasita yake (kifaa kinachohifadhi umeme wa mweko), na betri ya alkali hulemewa upesi na mkondo wa namna hiyo, hivyo kusubiri kati ya picha moja na nyingine huwa kurefu kadiri kazi inavyoendelea. NiMH huutoa mkondo huo bila kuchoka. Nunua seti mbili za zile zisizopoteza chaji zikiwa zimehifadhiwa, za mAh 2000 hivi, na chaja inayozichaji moja moja. Kila seti ibaki pamoja maisha yake yote. Kuchanganya mpya na kuukuu huifanya dhaifu ibebe mzigo isiouweza. Usidanganyike na betri za lithiamu za volti 3.7 zenye umbo linalofanana na AA, kwa kuwa nne kati ya hizo huipelekea flashi umeme mwingi kupita kiasi na zinaweza kuiunguza.

Kundi la pili ni flashi zenye betri yake maalumu ya lithiamu, kama Godox V860III, ambayo mtengenezaji anataja mweko 480 wa nguvu kamili kwa chaji moja na kujichaji upya kwa sekunde 1.5. TT600 yenye betri nzuri za AA hutajwa kufikia mweko 230 hivi, na kusubiri hadi sekunde 2.6. Sekunde moja haionekani kuwa kitu kwenye karatasi, lakini katika sherehe ndiyo tofauti kati ya kulipata busu na kulikosa. Hasara ya betri maalumu ni kwamba ikiisha huwezi kuiazima kwa mtu wala kuinunua kwenye kibanda cha karibu, na kwa hiyo bei ya betri ya akiba ihesabiwe ndani ya bei ya flashi tangu mwanzo.

Kuhusu joto, flashi zote zina kikomo. Ukipiga picha nyingi za nguvu kamili mfululizo, flashi nzuri hujipunguzia kasi yenyewe, na ile isiyo na kinga huyeyusha plastiki iliyo mbele ya bomba lake. Hakikisha kitabu cha maelezo kinataja kinga hiyo.

Hatua ya nane: Ikiwa unanunua iliyotumika

Fungua mlango wa betri kwanza. Unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma vyake ni alama ya betri zilizovuja. Kisha angalia plastiki ya mbele ya kichwa. Madoa ya kahawia katikati yanasimulia kazi nyingi za nguvu kamili. Flashi iliyokaa kabatini kwa miaka huweza kuchelewa kujichaji mara chache za kwanza, kwa sababu kapasita yake imelala, nayo huamka ikiachwa ikiwa imewashwa kwa dakika kadhaa kisha ikawashwa mweko mara chache. Ikibaki nzito baada ya hapo, iache. Usiifungue flashi kwa bisibisi hata kama umeambiwa ni tatizo dogo: kapasita hushikilia zaidi ya volti 300 na huweza kubaki na umeme hata baada ya betri kutolewa.

Hatua ya tisa: Ijaribu kabla muda wa kuirudisha haujapita

Flashi nafuu hutofautiana moja moja kuliko za bei kubwa, na kwa hiyo jaribio la nusu saa nyumbani ni sehemu ya ununuzi wenyewe. Ukiwa na kamera isiyo na kioo, zima kwanza shata ya kielektroniki na hali ya ukimya, kwani katika kamera nyingi hali hizo huizuia flashi isiwake, na wengi wameirudisha flashi nzima kwa sababu hiyo. Zima pia onyesho la mwangaza halisi kwenye skrini, la sivyo utakuwa unatazama giza.

Simamisha kamera mbele ya ukuta mtupu, weka kila kitu kwa mkono, nawe upige picha kumi kwa nguvu kamili, ukiisubiri taa ya utayari kila mara. Zitazame kwa pamoja, zikiwa ndogo ndogo kwenye skrini. Zote zinapaswa kulingana. Ikiwa moja katika kumi ni nyeusi au imefifia, flashi hiyo ina kigugumizi na itakuangusha siku ya kazi. Kisha shuka ngazi moja moja: nguvu kamili kwa f/16, nusu kwa f/11, robo kwa f/8, na kuendelea. Picha hizo nazo zinapaswa kulingana, na tofauti ndogo kwenye nguvu za chini kabisa inavumilika. Kama umelipia HSS, piga kwa 1/1000 na utafute mkanda mweusi upande mmoja wa picha. Kama umelipia redio, iache flashi chumba cha pili, mlango ukiwa umefungwa, na upige mara ishirini. Kama umelipia TTL, mpige picha mtu mmoja kwa mita moja, mbili na nne, uone kama uso unabaki na mwanga uleule.

Mwisho, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji kama ipo programu mpya ya ndani ya flashi na ya triga, kwa sababu kampuni za kamera hubadilisha lugha zao kila zinapotoa kamera mpya na watengenezaji hawa hulazimika kuzifuata. Flashi yenye tundu la USB hupokea masahihisho hayo kwa kebo na kompyuta. Isiyo na tundu hilo, kama ni ya TTL, itabaki na lugha iliyozaliwa nayo. Ipime kwa kamera uliyo nayo leo, wala usiinunue kwa ajili ya kamera unayotarajia kuipata mwakani.